Nyumba si yangu, kodi yake nakatwa mimi

Tarehe 1 Septemba 2025 ilikuwa Jumatatu. Nilifika kazini saa mbili kasoro, baridi ya Mbeya ikiwa bado haijaachia, nikamkuta mlinzi wetu ananisubiri kwenye ngazi za ofisi badala ya kukaa getini. Ni mtu mzima, makamo ya baba yangu. Tulisalimiana kama siku zote, "Ugonile, mwanangu," nami nikamwitikia, "Mugonile, tata," yaani baba, kisha akatoa simu mfukoni na kunionyesha ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla.

"Wewe ndiye mtu wa mahesabu," akaniambia. "Alfajiri hii nimenunua umeme wa elfu tano, wamenipa uniti tisa na pointi nane. Katikati ya mwezi uliopita elfu tano hiyohiyo ilinipa uniti kumi na nne. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Nikamsomea ujumbe mstari kwa mstari. Shilingi 1,500 zilikuwa zimetangulia kutoka kama kodi ya jengo ya mwezi mpya. Zilizobaki 3,500 zikatoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Nikajumlisha kwenye kikokotoo: katika elfu tano yake, zaidi ya shilingi 2,100 hazikununua umeme.

"Lakini nyumba si yangu," akasema. "Nimepanga vyumba viwili Nzovwe. Kodi ya nyumba nampelekea mwenyewe kila mwezi, mkononi. Sasa hii kodi nyingine ya nyumba ni ya nini tena?"

Swali lake lilinikaa kifuani siku nzima. Kwanza kwa sababu lugha yetu haimsaidii: pesa anayompa mwenye nyumba ni kodi, na pesa inayokwenda serikalini kwa ajili ya nyumba hiyohiyo nayo ni kodi. Pili, na hili ndilo lililoniuma, ni kwamba mimi ndiye ninayeandaa mishahara ya kampuni yetu, na kwa miaka kadhaa kila anapokuja dirishani kuuliza makato nimekuwa nikimjibu jibu moja: "Wewe tata hukatwi kodi, unakatwa NSSF tu." Kwenye karatasi ni kweli. Mshahara wake ni 280,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 28,000, na zinabaki 252,000. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, huanza kuhesabiwa juu ya 270,000. Kwa hiyo mstari wake wa PAYE una sifuri. Nikimwambia halipi kodi nilikuwa nasoma sifuri hiyo tu, na nilikuwa nakosea.

Jioni nilinunua bahasha ya kaki Mwanjelwa, nikaamua kuweka risiti zangu zote za Septemba. Nilitaka kujua kwa shilingi, si kwa kukisia, mshahara wangu unakatwa kiasi gani mpaka unaisha.

Nianze na kile ambacho kila mtumishi anakijua, salari slipu. Mshahara wangu ghafi ni 900,000. NSSF inatoka 90,000. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayopigiwa kodi kwa ngazi: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu; kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8; kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20; kutoka 760,000 hadi milioni moja ni asilimia 25; na kila shilingi inayozidi milioni moja hukatwa asilimia 30. Kwangu inakuja 20,000, kisha 48,000, kisha 12,500. Jumla 80,500. Halafu inakuja Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, 135,000. Kinachoingia benki ni 594,500.

Wenzangu wengi ofisini wakiona makato yao yamefika theluthi ya mshahara huilaumu mamlaka ya mapato: "TRA wamenimaliza." Nawaelewa, maana pesa ikishatoka imetoka. Lakini nimekuwa nikiwaambia, na naendelea kusema hapa, kwamba makato ni mambo matatu tofauti na kila moja lina mwenyewe. Ile 80,500 ni kodi. Ile 90,000 ni akiba yangu, na mwajiri anaweka 90,000 nyingine juu yake. Ile 135,000 ni deni; nilikula bumu chuoni, nikasomeshwa, na sasa narudisha. Mtu akiyachanganya yote akayaita kodi, hataweza kujua ni lipi la kulalamikia na alalamike wapi.

Kuhusu deni nina neno moja. Wakati nachukua mkopo, kiwango cha kurejesha kilikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa ikawa 15, na ikatuhusu hata sisi tuliokuwa tumeshasaini. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, na nilishukuru kwa dhati, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nalipa na salio halishuki. Lakini asilimia 15 bado ipo. Inakata kwenye mshahara mzima kabla sijala, kwa yule wa 500,000 sawasawa na yule wa milioni tano.

Mwaka jana niliongezwa laki moja. Nilifurahi, nikampigia mama simu kijijini. Mshahara ulipoingia, kilichoongezeka kilikuwa 54,500. Hakuna aliyekosea. NSSF 10,000, Bodi 15,000, na katika 90,000 iliyobaki baada ya NSSF, 40,000 ikapigwa asilimia 20 na 50,000 asilimia 25, yaani 20,500. Mimi ndiye niliyeandaa hesabu hiyo, na bado nilikaa nikiitazama muda mrefu. Mtu akikuuliza mfanyakazi anakatwa asilimia ngapi, usimtajie wastani peke yake. Wastani wangu wa PAYE hauzidi asilimia 9 ya mshahara ghafi. Lakini shilingi mpya ninayoihangaikia, ile ya kupandishwa cheo, ya kubaki kazini hadi saa mbili usiku, inanifikia nusu.

Kuna pesa nyingine ambayo mfanyakazi haioni kabisa kwa sababu hailipi yeye. Kwa mshahara wangu, mwajiri analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi asilimia 3.5, yaani 31,500, ambayo sehemu yake huenda VETA, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 4,500. Ukiongeza NSSF yake, kuniajiri mimi wa laki tisa kunamgharimu 1,026,000. Tozo hii ya ufundi imekuwa ikishuka. Ilikuwa asilimia 6, ikaja 5, 4.5, 4, na tangu 2023 ni 3.5. Kila ilipopungua sikumwona mfanyakazi aliyeongezwa mshahara kwa sababu hiyo, lakini nakubali kwamba kampuni ndogo inapumua.

Sasa ile bahasha.

Chakula kingi hakikuniletea risiti yenye VAT, na hapo sheria inatutendea vema. Mchele wa Kyela, maharage, unga wa mahindi, ndizi, viazi vya Uyole, vyote havina VAT. Kodi ya chumba cha kuishi haina. Nauli ya daladala haina, ingawa ndani ya nauli kuna mafuta, na ndani ya lita ya mafuta kuna tozo. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini, na 2023 ikaongezwa 100 nyingine. Sikuweza kuitenganisha kwenye nauli ya kutoka Uyole hadi Kabwe, kwa hiyo sikuihesabu.

Vitu vya dukani ndivyo vilivyojaza bahasha. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, sahani, viatu vya shule vya mwanangu. Jumla ya risiti zilizoonyesha VAT ilifika 118,000, na ndani yake kodi ni 18,000 kamili. LUKU nilinunua mara moja, 20,000, na kodi, tozo na ile 1,500 zikachukua karibu 4,840. Vocha na bando, 25,000. Hapa ndipo nilipostuka. Huduma ya simu ina ushuru wa bidhaa wa kama asilimia 17, kisha VAT inapigwa juu ya bei ikiwa na ushuru huo tayari. Ukifungua hesabu, katika kila elfu kumi ya vocha, zaidi ya 2,700 ni kodi. Yangu ilikuwa kama 6,900. Kwa mtu anayefikiri bando ni anasa nitamwambia hivi: mwanangu anatumiwa kazi za shule kwa WhatsApp, na mama yangu hajui njia nyingine ya kunipata.

Nikajumlisha: 80,500 ya mshahara na takriban 29,740 ya matumizi. Inakuja 110,240, asilimia 12 na kidogo ya mshahara ghafi. Tunafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo siku tatu na kidogo nilikuwa nafanya kazi ya serikali. Ukiweka na NSSF na Bodi, zinakaribia siku kumi. Ni mwezi mmoja wa mtu mmoja. Anayevuta sigara, anayekunywa bia au mwenye gari angepata hesabu nzito kuliko yangu.

Nilipofika hapo nikarudi kwa mlinzi. Sabuni anayonunua ni ileile. Vocha ni ileile. Na ile 1,500 ya kodi ya jengo, kwangu ni sehemu ndogo isiyoonekana ya laki tisa, lakini kwa mshahara wake wa 280,000 uzito wake ni zaidi ya mara tatu. Sifuri kwenye mstari wa PAYE haimaanishi kwamba mtu halipi. Inamaanisha tu kwamba kodi yake haimfuati ofisini, inamsubiri dukani. Nimeshasikia watu wenye mishahara mizuri wakisema kwamba nchi hii inabebwa na watumishi wachache na wengine wanaendeshwa bure. Naomba wasiseme hivyo tena mbele ya mama anayeuza nyanya soko la Soweto hapa Mbeya. Amenunua bando asubuhi, amelipa ushuru wa soko kabla hajauza hata fungu moja, na jioni atanunua sabuni.

Mama yangu analima viazi Umalila. Hana TIN, ile namba ya mlipakodi, hana salari slipu. Lakini wanunuzi wakija na magari, ushuru wa mazao wa halmashauri unahesabiwa ndani ya bei wanayompa. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa, kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3 na kwa ya chakula hadi 2, na anayesafirisha chini ya tani moja akaruhusiwa kupita bila kulipa. Nakumbuka jinsi ilivyomfurahisha. Kinachomla zaidi ni lumbesa, na hiyo si kodi ya yeyote, ni dhuluma ya gunia lililoshonewa kilemba.

Baba yangu, marehemu sasa, alikuwa na sanduku la bati lenye stakabadhi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni barua za mapenzi, maana alilifunga kwa kufuli. Zilikuwa risiti za kodi ya maendeleo. Kodi ya kichwa ilifutwa 1969, ikarudi miaka ya themanini kwa jina hilo jipya, na hadi ilipofutwa 2003 wanaume wa kijijini kwetu waliishi nayo kama mtu anavyoishi na homa. Mgambo walikuwa wakija alfajiri. Asiye na risiti alikimbilia kwenye mahindi. Mimi mwenyewe, nikiwa darasa la tatu, nilitumwa kupeleka uji shambani kwa mjomba aliyelala huko siku mbili. Baba hakuwahi kukimbia kwa sababu alikuwa na lile sanduku, na alilithamini kuliko redio.

Naye alisimulia aliyosimuliwa na babu yake. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba 1898, Waingereza wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa, na ilitakiwa fedha. Kwa watu waliokuwa na ng'ombe, ndizi na nafaka, fedha ilipatikana kwa kuuza nguvu. Ndiyo maana wanaume wa huku walitembea hadi Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, na wengine wakaenda mbali zaidi, migodi ya kusini. Babu mzaa baba yangu alikwenda Lupa kwa miguu, akarudi na fedha ya kodi na kikohozi. Katika ukoo wetu, kazi ya mshahara imetanguliwa na kodi. Watu walilipa kwanza, ndipo wakaajiriwa.

Sisemi haya ili kufananisha. Leo nikitoka Nsalaga naona barabara ya njia nne inajengwa hadi Ifisi, kilomita 29, na najua mle kuna pesa yangu. Mwanangu nilijifungulia hospitali ya Meta. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne bila ada. Siwezi kukalia faida hizo nikasema kodi yote ni wizi. Ningekuwa nasema uongo.

Kinachonikosesha usingizi ni pesa inayokatwa isifike.

Kabla ya kazi hii nilifanya kazi kwenye kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Miaka mitatu na nusu. Kila mwezi salari slipu yangu ilionyesha NSSF asilimia 10, na sikuwahi kuwa na wasiwasi, kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Nilipokuwa na ujauzito wa miezi saba nilikwenda kuulizia mafao ya uzazi. Dada wa dirishani alinichapia taarifa ya michango yangu, akaigeuza upande wangu taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Katika miezi 41, iliyopelekwa ilikuwa 11. Miezi 30 nilikatwa, na pesa haikuonekana. Wala ile ya mwajiri.

Nilirudi kwa mguu hadi Mafiati, sikupanda gari. Nilikuwa mhasibu kijana, nilijua kusoma vitabu, na sikuwahi kuomba taarifa yangu mwenyewe hata mara moja. Niliandika barua, nikaenda na wenzangu sita, tukafuatilia mwaka mzima. Michango ililetwa kwa mafungu, mingine baada ya mtoto kutembea. Mafao ya uzazi sikuyapata kwa wakati niliyoyahitaji. Ndiyo maana sasa, kila robo mwaka, nachapisha taarifa ya kila mfanyakazi ninayemwandalia mshahara na kumpa mkononi. Hakuna aliyeniagiza. Nawe unayesoma hapa, kama umeajiriwa, fungua simu yako uangalie michango yako leo, usingoje ujauzito wala ajali.

Kuna jambo la mwisho la hesabu. Ngazi za PAYE zilisogezwa Julai 2020, ndipo ile ya chini ikatoka 170,000 kwenda 270,000 na ya juu ikatoka 720,000 kwenda milioni moja. Mwaka 2021, kwenye Mei Mosi ya Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza asilimia ya chini ishuke kutoka 9 hadi 8. Tangu hapo ngazi zenyewe zimesimama, na bei hazikusimama. Julai 2025 kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000, jambo jema sana. Lakini angalia: mtumishi huyo, akishatoa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, alikuwa akilipa PAYE ya 6,520, sasa analipa 16,400. Mshahara umepanda kwa asilimia 35, kodi imepanda mara mbili na nusu, na hakuna sheria ya kodi iliyobadilishwa. Ngazi zikiachwa zimesimama wakati mishahara inapanda, mtu anavutwa juu yake bila kutangaziwa. Mimi naona zingepaswa kusogezwa kila mishahara inaposogezwa, na ile ya juu ianzie mbali zaidi ya milioni moja. Milioni moja ya leo si ya mtu tajiri. Ni ya mwalimu mkuu mwenye watoto watatu shuleni.

Mwisho wa Septemba nilimwita mlinzi ofisini. Nilimweleza kwamba kodi ya jengo kisheria ni mzigo wa mwenye jengo, na mpangaji akishailipa kwa LUKU ana haki ya kuzungumza na mwenye nyumba airudishe, au aipunguze kwenye pango. Nikamwandikia kwenye karatasi: ameishi pale tangu Januari 2024, miezi 21, mara 1,500, ni 31,500. Akaitazama karatasi bila kusema, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati chini ya sweta.

Wiki iliyofuata alikuja dirishani. Mwenye nyumba, mzee mwenzake, hakukataa. Alitaka tu kuona ujumbe wa LUKU wenye makato yale. Kwenye simu ilibaki miezi 14, mingine ilifutika alipobadilisha simu. Wakahesabu wawili wao, kwenye kibaraza, wakafika 21,000. Pango la Oktoba likapungua kiasi hicho.

"Sasa mwanangu," akasema, "nipe na mimi bahasha kama yako. Hizi za kuanzia mwezi huu nitamwomba kijana wangu anichapishie."